Saa Mbili na Shahidi Mmoja

Jua halifiki juu ya Korogwe na juu ya Handeni katika dakika moja. Korogwe iko mashariki kuliko Handeni kwa karibu nusu digrii, na kwa sababu dunia huzunguka kuelekea mashariki, adhuhuri huifikia Korogwe kwanza. Handeni huingoja kwa muda uliopungua kidogo dakika mbili. Mtu aliyesimamisha fimbo Korogwe na mtu aliyesimamisha fimbo Handeni, kila mmoja akitazama kivuli chake kilivyofupika, wote wawili husema kweli wasemapo kuwa sasa ni adhuhuri, na walakini hawapatani.

Zamani tofauti hiyo haikumdhuru mtu. Msafiri aliyetoka Handeni alfajiri kwa miguu hakuulizwa dakika aliyofika. Aliulizwa habari za njiani. Mambo yaligeuka lilipokuja garimoshi. Reli ya Tanga, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1893, ilifika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902. Garimoshi haliwezi kuendeshwa kwa adhuhuri ya kila mji, maana magarimoshi mawili yajayo kutoka pande mbili juu ya njia moja yakiwa na saa mbalimbali, hukutana mahali pasipopangwa. Hivyo saa ya jua ilianza kuondoka katika shughuli za watu, na saa ya mapatano ikaingia. Afrika Mashariki ilijaribu mapatano zaidi ya moja kabla ya kutulia katika saa tatu mbele ya Greenwich. Hiyo ni saa ya mstari wa digrii 45, na mstari huo haupiti popote katika nchi ya Tanzania. Kwa hiyo saa ya mkononi ionyeshapo saa sita kamili mchana, jua la Korogwe, kwa wastani wa mwaka, bado lina dakika 26 za kupanda, na jua la Handeni lina karibu 28.

Basi saa iliyotundikwa ukutani haisemi habari za jua la mahali pale. Inasema neno lililokubaliwa na watu walio mbali, na mwenye saa hana ila kuamini kuwa chombo chake bado kinalishika neno lile. Saa ni amana. Mtu aambiwaye kuwa saa yake haishiki majira husikia kana kwamba ameambiwa kuwa yeye mwenyewe si mwaminifu. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, mkubwa mkazi wa Handeni na mdogo mkazi wa Korogwe, walipata kutengana kwa miaka kumi kwa sababu ya neno hilo.

Mkubwa alikuwa mwadhini. Saa ya msikiti ilikuwa mikononi mwake. Yeye ndiye aliyeijaza, aliyeipangusa vumbi, na aliyeulizwa na mtaa mzima kama wakati umeingia. Mdogo alikuwa fundi saa, na meza yake ilikuwa kibarazani, si mbali na stesheni. Watu walimletea saa zilizokufa, akazirudishia pumzi, na alizoea kusema kwa mzaha kuwa Korogwe yote hula chakula cha mchana kwa idhini yake. Heshima ya kila mmoja ilikuwa ndani ya saa yake.

Mwaka 1991 mama yao alifariki Handeni. Usiku ule ule mkubwa alimpeleka mtu kwa lori kumwarifu mdogo wake: maziko kesho, baada ya sala ya adhuhuri, na mama atateremshwa kaburini saa nane kamili. Mdogo aliondoka asubuhi. Njia ilikuwa mbaya kwa mvua, akabadili gari mara mbili, na mwisho akaenda kwa miguu mpaka makaburini. Alipofika, saa yake ya mkononi ilionyesha saa nane kasoro dakika tano. Kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa mbao, na watu walikuwa wakitia udongo.

Kwa mtoto wa kiume, kumpokea mama yake ndani ya kaburi si jambo dogo. Ni utumishi wa mwisho, na haurudiwi. Mdogo alisimama kando ya udongo akasema, "Kaka, hukuningoja."

Mkubwa akajibu, "Uliambiwa saa nane. Saa nane imepita."

"Saa nane haijafika," mdogo alisema, akanyosha mkono wenye saa mbele ya watu.

"Nenda msikitini ukaitazame saa."

Hakwenda. Uchungu ulimzuia, na pengine aliona kuwa fundi saa akienda kusahihishwa na saa ya ukutani, mbele ya ukoo mzima, hatakuwa na biashara tena. Lau angalikwenda, akaiweka saa ya mkononi chini ya saa ya ukutani, shauri lingalikwisha kabla udongo haujakauka. Saa mbili zilizo mahali pamoja husuluhishwa kwa mtazamo mmoja wa jicho. Lakini jioni ile mdogo alirejea Korogwe na saa yake, na saa ya msikiti ikabaki Handeni, na tangu hapo kati ya saa hizo mbili pakawa na vilima, mito, mashamba ya mkonge, na kimya cha ndugu wawili.

Ugumu wa ndugu hao ndio ugumu wa wataalamu wa majira duniani, ingawa wao hawagombei dakika. Tangu mwaka 1955, Louis Essen na Jack Parry walipoendesha saa ya kwanza ya kutegemewa ya atomi za siziamu huko Teddington, Uingereza, na hasa tangu mwaka 1967, sekunde yenyewe ilipofafanuliwa kwa mitikisiko 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi hiyo, nchi nyingi zimejipatia saa ambazo kosa lake kwa siku moja huhesabiwa kwa nanosekunde. Nanosekunde ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Katika muda huo nuru hukimbia kiasi cha futi moja tu. Saa bora namna hiyo ikiwa peke yake chumbani haina faida kubwa. Haijui kama imepotoka, maana haina mwenzake wa kuiambia. Lazima ilinganishwe na nyingine, na nyingine iko ng'ambo ya bahari.

Njia iliyo nyepesi kufikiriwa ni kuichukua saa na kuipeleka kwa mwenzake. Katika miaka ya 1960 saa za atomi zilipandishwa ndege, zikafungwa vitini kama abiria, zikasafirishwa kutoka maabara hadi maabara. Njia hiyo ilifaa, lakini ilikuwa ya gharama, na saa isafiriyo huchoka kama msafiri mwingine: joto, mtikisiko na kasi huigeuza. Njia ya pili ni kutuma habari kwamba "sasa hivi ni saa fulani." Lakini habari nayo husafiri, na isafiripo muda hupita. Hata nuru hutumia karibu sehemu mbili za elfu kumi za sekunde kutoka Handeni hadi Korogwe. Kwa mwadhini huo si muda. Kwa mwenye saa ya atomi ni nanosekunde laki mbili hivi, na asiyejua sawasawa njia iliyopitwa na habari hawezi kuzitoa katika hesabu yake.

Ipo njia ya tatu, na ni kongwe kuliko saa za atomi. Watu wawili walio mbalimbali wasipelekeane saa wala neno. Bali wote wawili watazame kitu kimoja kilicho juu yao, kitokeapo tukio moja, na kila mmoja aandike saa yake ilisema nini. Halafu waandikiane barua. Wanajimu wa kale walitumia hivyo kupatwa kwa mwezi kupata umbali wa miji, mashariki na magharibi. Kupatwa kwa jua hakufai kwa urahisi huo, kwa kuwa kivuli chake hupita nchi hii kwanza na ile baadaye. Bali mwezi ukiingia katika kivuli cha dunia, huingia kwa watu wote wauonao katika muda mmoja.

Dada wa ndugu hawa alikuwa na mtoto wa kiume, mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari, aliyewapenda wajomba zake wote wawili na kuchoka kupeleka salamu zisizopokelewa. Alijua kuwa usiku wa tarehe 9 Januari 2001 mwezi utapatwa wote, na kwamba Tanzania itauona tangu mwanzo hadi mwisho. Kwanza alikuwa ametaka kutumia mlio wa redio, maana redio nayo husikika miji yote miwili. Mjomba mkubwa alikataa. Alisema redio ni ya Dar es Salaam, na huko nako kuna saa za watu. Lakini mwezi hakuweza kuukataa. Usiku wa kupatwa kwake yeye mwenyewe hukesha, maana ipo sala yake.

Mwalimu akaandika barua mbili za maneno mamoja. Masharti yalikuwa matatu. La kwanza, asiguse mtu mishale ya saa yake, wala kuirudisha nyuma wala kuipeleka mbele, iachwe ilivyo. La pili, atazame mwezi, na pindi uzi wa mwisho wa mwanga mweupe ukizimika, aitazame saa na kuandika saa na dakika. La tatu, karatasi itiwe katika bahasha, ifungwe, apewe kondakta wa basi, isipelekwe kwa mwingine. Barua hazikuuliza saa ya nani ni sahihi.

Sharti la kwanza lataka kufikiriwa, kwa kuwa mtu wa kawaida aambiwapo kulinganisha saa, hukimbilia kuisahihisha yake. Wenye maabara hawafanyi hivyo ovyo. Saa iliyo nzuri huachwa iende kwa tabia yake, na tofauti yake huandikwa daftarini siku baada ya siku. Saa ichukuayo siku zote mbele kiasi kile kile ni ya kuaminiwa zaidi kuliko saa iguswayo kila mara na mkono wa mwenyewe.

Usiku ukafika. Korogwe anga ilikuwa safi juu ya mto Pangani. Handeni mawingu yalipita, yakaondoka kwa wakati. Bahasha zikaletwa kwa mwalimu. Karatasi ya Handeni ilisema: saa nne na dakika 58. Karatasi ya Korogwe ilisema: saa nne na dakika 47. Mwalimu hakuhitaji kujua mwezi ulizimika saa ngapi kwa hakika. Alichukua kubwa, akatoa ndogo, akapata kuwa saa ya msikiti ilikuwa mbele ya saa ya fundi kwa dakika 11, pengine kwa kosa la dakika moja huku au huku, kwa kuwa ukingo wa kivuli cha dunia si mkali kama wa kisu.

Hapa ndipo penye siri ya njia yote, na yafaa isomwe polepole. Mwezi ulikuwa shahidi wa pande zote mbili, na katika hesabu ya mwisho shahidi huyo alitoweka. Kama ungalichelewa nusu saa, karatasi zote mbili zingalichelewa nusu saa, na tofauti ingalikuwa zile zile dakika 11. Shahidi hatakiwi kuwa mkweli. Anatakiwa kuwa mmoja.

Setilaiti za kuongozea njia zimechukua nafasi ya mwezi huo. Mfumo wa Marekani uitwao GPS ulirusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 1978, na kila setilaiti hubeba saa ya atomi na kutangaza bila kukoma saa yake na mahali ilipo. Huzunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu ya dunia, na kutoka huko yaweza kuonwa na nchi nyingi pamoja. Mwaka 1980 David Allan na Marc Weiss, wa ofisi ya vipimo ya Marekani, walieleza jinsi ya kuitumia kama ndugu wale walivyoutumia mwezi. Maabara mbili hupanga mapema setilaiti ipi itazamwe na dakika ipi. Kila moja huisikiliza kwa dakika 13, hutoa muda wa safari ya ishara kutoka angani hadi kwenye antena yake, ambao ni chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha huandika: saa yangu imetofautiana na saa ya setilaiti kwa kiasi hiki. Hubadilishana karatasi, ambazo siku hizi hupita katika intaneti badala ya mikono ya kondakta. Hutoa moja katika nyingine. Na setilaiti pamoja na makosa ya saa yake hutoweka katika hesabu. Kilichobaki ni tofauti ya saa zao wenyewe, kwa kosa la nanosekunde chache.

Nguvu ya njia hiyo ilijulikana hasa kwa sababu ya hila. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiivuruga kwa makusudi ishara iliyotolewa kwa watu wote, ili asiyekuwa na ruhusa asiweze kujua mahali alipo kwa usahihi mkubwa. Saa ya setilaiti ilifanywa iyumbe, na msafiri aliyeitegemea peke yake aliweza kukosea mita mia. Lakini maabara mbili zilizoitazama setilaiti moja katika dakika moja zilisikia uongo mmoja. Zilipotoa hesabu, uongo wa saa ulijitoa wenyewe. Shahidi alikuwa amefundishwa kusema uongo, na kweli ikapatikana kwake.

Si makosa yote yatowekayo kwa ukamilifu huo. Setilaiti ikitangaza vibaya mahali ilipo, kosa hilo huwaangukia karibu sawasawa watazamaji walio jirani, na hutofautiana kwa walio mbali. Tena juu ya dunia lipo tabaka la anga lenye chembe za umeme zizaliwazo na jua, nalo huichelewesha ishara ipitayo ndani yake. Katika nchi zilizo karibu na ikweta ya sumaku ya dunia, na Afrika Mashariki ni miongoni mwake, tabaka hilo ni nene na lenye ghasia, hasa baada ya magharibi, na ucheleweshaji huweza kufika makumi ya nanosekunde. Kama saa mbili za atomi zingewekwa, moja Handeni na moja Korogwe, ishara za setilaiti moja zingepita karibu katika anga ile ile hadi miji yote miwili, na ucheleweshaji ungejitoa karibu wote. Kati ya Nairobi na Paris anga ni mbalimbali, na hesabu hutaka kusaidiwa: setilaiti hutangaza kwa mawimbi zaidi ya moja, kila wimbi hucheleweshwa kwa kiasi chake, na kwa kuyalinganisha mawimbi hayo ucheleweshaji hupimwa badala ya kukisiwa.

Lakini lipo kosa moja ambalo shahidi wa angani, awe mwaminifu namna gani, hawezi kuliondoa, nalo ni kosa la mtazamaji mwenyewe. Kutoka antena iliyo juu ya paa hadi kipokezi kilicho chumbani pana waya. Ishara hutumia nanosekunde nne au tano kupita kila mita ya waya huo. Maabara yenye waya wa mita 50 isipozitoa nanosekunde hizo mia mbili na zaidi katika hesabu yake, itaambia dunia yote kuwa saa yake ni tofauti na ilivyo, na hapana setilaiti itakayoisuta, maana jambo hilo limetukia nyumbani mwake. Kosa la shahidi hujitoa. Kosa la nyumbani hubaki mpaka mwenye nyumba aliseme. Kwa sababu hiyo, pamoja na setilaiti zote zilizo mbinguni, bado kipo kipokezi kimoja cha safari kinachofungwa sandukuni na kupelekwa maabara baada ya maabara, kiwekwe kando ya kipokezi cha wenyeji, kisikilize pamoja nacho, ili ijulikane wenyeji wana ucheleweshaji gani usiotajwa. Mwisho wa safari yote ya elimu, mtu hulazimika kufanya lile ambalo fundi saa hakulifanya mwaka 1991: kwenda, na kuziweka mbili pamoja.

Mwalimu aliwaita wajomba zake nyumbani kwa mama yake, Korogwe, akaweka karatasi mbili juu ya mkeka. Aliwasomea, akawaeleza hesabu. Mdogo alizitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyengoja sana, "Basi siku ile nilikuwa na haki."

Ingalikuwa rahisi kwa mwalimu kukubali. Hakukubali. Alisema, "Mjomba, karatasi hizi zinajua habari za usiku wa mwezi tu. Za mwaka 1991 hazizijui. Saa hubadilika, na hatukuandika kitu siku ile."

Alisema kweli. Ulinganisho wa leo hautoi hukumu juu ya jana, ila kama kuna daftari la siku zilizo katikati, na ndugu hao hawakuwa na daftari ila kumbukumbu ya uchungu. Mdogo alinyamaza, na nyumba yote ikanyamaza. Ndipo mkubwa alipojongea karibu na mkeka.

"Mimi nazijua," alisema. "Saa ya msikiti naitanguliza kwa mkono wangu. Tangu nilipokabidhiwa naiweka mbele dakika saba, wakati mwingine nane, ili watu waitazamao wasichelewe sala. Nikienda kuadhini nazitoa dakika hizo kichwani. Siku ya mama sikuzitoa. Nilikuwa na msiba, nikaitazama saa kama wanavyoitazama watu wengine. Usiku ule ule nilikumbuka. Nikaona haya kusema, na kila mwaka haya ikazidi."

Mdogo wake hakujibu mara moja. Alivua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya karatasi, akasema, "Kaka, na hii yangu inachelewa. Nazitengeneza za watu, yangu sijaifungua mwaka wa tatu huu."

Siku ya pili walikwenda Handeni pamoja. Walizuru kaburi kwanza, kisha msikiti, na fundi akaishusha saa ya ukutani akaisafisha bila ujira. Haikutanguliwa tena. Watu wawili watatu walichelewa sala katika juma la kwanza, wakanung'unika, wakazoea.

Saa za dunia nazo zimefika mahali kama hapo. Iko ofisi ya kimataifa ya mizani na vipimo katika mji wa Sèvres, karibu na Paris, iliyozaliwa na mkataba wa mwaka 1875. Hupokea hesabu za saa za atomi zaidi ya mia nne, kutoka maabara zipatazo themanini na zaidi. Nairobi na Pretoria zimepata kuwamo katika hesabu hizo. Siku hizi njia ya kutazama setilaiti moja kwa pamoja imepanuliwa, na tangu mwaka 2006 ofisi hiyo hulinganisha kwa setilaiti zote zionekanazo, zikisahihishwa kwa hesabu bora za njia zake. Lakini msingi ni ule ule, kwamba walio mbali husuluhishwa na kilicho juu yao wote. Kutokana na saa hizo hupatikana wastani mmoja, na wastani huo ndio majira ya dunia. La ajabu ni kwamba hapana saa hata moja, popote, inayoonyesha majira hayo kwa ukamilifu. Hujulikana baadaye, katika waraka utolewao kila mwezi, ambamo kila maabara husoma jinsi ilivyotofautiana na wenzake siku zilizopita. Hata saa iliyo bora kuliko zote ina mstari wake wa makosa humo, na haioni haya.

Wenye kiburi cha elimu wangependa kuamini kuwa mahali fulani iko saa moja isiyokosea, na kwamba kazi ya wengine wote ni kuifuata. Haiko. Ziko saa nyingi zenye makosa yao, ziko daftari ambamo makosa huandikwa, na uko uaminifu wa mwenye saa asemaye urefu wa waya wake. Setilaiti hufanya sehemu iliyo ngumu kwa mashine. Sehemu iliyo ngumu kwa mtu ni kusema, kabla ya kuulizwa, "Saa yangu nimeitanguliza mwenyewe". Nayo ilimchukua mwadhini wa Handeni miaka kumi.

Saa ya msikiti na saa ya mkononi ziliendelea kupishana baada ya hapo, sekunde hizi na sekunde zile, kama zipishanavyo saa zote. Kila mwisho wa mwezi mdogo alipanda basi kwenda Handeni kuzilinganisha. Tofauti aliiandika katika daftari dogo la mistari, na chini ya tarehe kila mmoja alitia jina lake.